Kuingia Kwenye Seva Bila Nenosiri na Kusawazisha Faili Kila Usiku: Mwongozo Kamili kwa Ofisi za Lamu na Malindi

Ofisi nyingi ndogo za Lamu zina kompyuta moja iliyobeba kila kitu: skani za hati za nyumba, picha za milango na kuta kabla ya ukarabati, rekodi za maulidi zilizotolewa kwenye kaseti, hesabu za miaka. Mji wa Kale uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini kumbukumbu zake nyingi zinalala kwenye diski moja, katika chumba chenye unyevu na hewa ya chumvi, huku stima ikipotea na kurudi ghafla. Diski haidumu kwa hali hiyo. Lazima iwepo nakala ya pili, na ikae mbali, ili moto ukizuka Langoni usiifikie.

Hapa tutaunganisha mashine mbili, ya Lamu yenye faili na ya Malindi ya kutunzia nakala, faili zisafiri zenyewe kila usiku bila mtu kukaa akiandika nenosiri. Nimetumia Ubuntu Server 24.04. Kwenye Debian mambo ni karibu yale yale. Anwani 203.0.113.10 (Lamu) na 198.51.100.20 (Malindi) ni za mfano tu, weka zako.

Kabla ya amri yoyote, amua ni upande upi utakaovuta faili. Wengi huipa mashine ya kazi ufunguo wa kuingia kwenye mashine ya nakala, kisha inasukuma faili. Mimi siafiki. Mashine ya kazi ndiyo inayoguswa na watu wengi, inayochomekwa flashi za kila aina, na ndiyo itakayovamiwa kwanza. Mvamizi akiikuta na ufunguo wa Malindi, atafuta faili za Lamu kisha avuke afute na nakala. Kwa hiyo Malindi ndiyo ivute. Lamu isiwe na ufunguo wowote wa Malindi, na ufunguo wa Malindi ukifika Lamu uweze jambo moja tu: kusoma folda moja.

Matayarisho

Kwenye mashine zote mbili:

```
sudo apt update
sudo apt install openssh-server rsync
```

Usiruke kusasisha. Januari 2025 rsync, programu itakayosafirisha faili zetu, ilitoa toleo 3.4.0 kuziba mianya mikubwa ya usalama. Debian na Ubuntu hupeleka marekebisho ya namna hiyo kwenye matoleo yao ya zamani, kwa hiyo namba ya toleo peke yake haikwambii kama uko salama. Muhimu ni kwamba masasisho yanaingia.

Sasa tengeneza watumiaji wawili ambao si watu. Lamu tunamwita `msomaji`, Malindi tunamwita `nakala`. Mtu mwenye kusimamia mashine zote mbili tumwite `karani`. Faili za Lamu tunachukulia ziko ndani ya `/srv/hifadhi`.

Lamu:

```
sudo adduser --disabled-password msomaji
sudo groupadd hifadhi
sudo usermod -aG hifadhi msomaji
sudo chgrp -R hifadhi /srv/hifadhi
sudo chmod -R g+rX,o-rwx /srv/hifadhi
sudo find /srv/hifadhi -type d -exec chmod g+s {} +
```

Mstari wa mwisho unafanya kila faili jipya litakaloundwa humo lirithi kundi la `hifadhi`. Ukiusahau, faili za leo zitasomeka na za wiki ijayo zitakataa, na utahangaika kutafuta sababu. Wafanyakazi wanaotumia folda hiyo nao waingize kwenye kundi hilo.

Malindi:

```
sudo adduser --disabled-password nakala
sudo mkdir -p /srv/nakala/lamu
sudo chown nakala: /srv/nakala/lamu
sudo chmod 700 /srv/nakala/lamu
```

Ufunguo wako wewe

SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, iliandikwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, Mfini wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, baada ya wezi kunasa nenosiri za watu kwenye mtandao wa chuo. Programu tunayotumia leo, OpenSSH, ilitoka 1999. Tangu hapo trafiki yote inafichwa, hivyo nenosiri halinaswi tena njiani. Linalobaki ni kubahatisha: seva yoyote iliyo wazi intanetini hugongwa mchana na usiku na mashine zinazojaribu majina na nenosiri za kawaida. Ufunguo unaondoa kubahatisha kabisa.

Ufunguo huja kwa jozi. Nusu ya umma ni kama kufuli unayoitundika kwenye mlango wa seva, na hata ikionwa na mtu haina hasara. Nusu ya siri haitoki kwenye kompyuta yako hata siku moja. Haitumwi kwa WhatsApp, haiwekwi kwenye flashi ya ofisi.

Kwenye laptopu yako:

```
ssh-keygen -t ed25519 -C "karani-laptopu"
```

Utaulizwa nenosiri la kufungulia ufunguo. Weka. Laptopu huibiwa, na ufunguo wako wewe unafungua mengi. Hutaliandika kila mara: amri ya `ssh-add` inalikumbuka mpaka utakapozima. Aina ya ed25519 ni fupi na imara, na seva yoyote ya miaka kumi iliyopita inaijua.

Peleka nusu ya umma:

```
ssh-copy-id karani@203.0.113.10
```

Mara ya kwanza utaonyeshwa alama ndefu inayoanza na `SHA256:` na kuulizwa kama unaiamini mashine hiyo. Wengi huandika `yes` bila kutazama. Hapo ndipo penye usalama wote, maana huo ndio wakati pekee unaoweza kujua kwamba unaongea na Lamu yenyewe na si mashine iliyojipenyeza katikati. Mwombe aliye ofisini akae mbele ya seva na kuandika:

```
ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub
```

Akusomee herufi kwa simu, uzilinganishe na zilizo kwenye kioo chako. Inachukua dakika moja. Zikilingana, endelea, mashine yako itaikumbuka alama hiyo na kupiga kelele siku itakapobadilika.

Jaribu `ssh karani@203.0.113.10`. Ikiwa bado inataka nenosiri la seva, mara nyingi kosa ni ruhusa za folda. Seva hukataa ufunguo kimyakimya ikiona watu wengine wanaweza kuandika kwenye folda yake. Huko Lamu:

```
chmod 700 ~/.ssh
chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys
chmod go-w ~
sudo journalctl -u ssh -n 30
```

Amri ya mwisho inakuonyesha seva inalalamikia nini. Anza hapo kila mara, kabla ya kubadilisha chochote kwa kubahatisha.

Ili usiandike anwani kila mara, weka haya kwenye `~/.ssh/config` ya laptopu:

```
Host lamu
    HostName 203.0.113.10
    User karani
    IdentityFile ~/.ssh/id_ed25519
    IdentitiesOnly yes
    ServerAliveInterval 30
```

Sasa `ssh lamu` inatosha. Rudia yote hayo kwa mashine ya Malindi.

Kufunga mlango wa nenosiri

Hatua hii ina hatari yake. Ukijifungia nje ya seva ya Lamu na wewe uko Malindi, kuirudisha ni basi kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Kwa hiyo fungua madirisha mawili ya `ssh lamu`, na moja usiliguse mpaka kazi iishe.

Tengeneza faili `/etc/ssh/sshd_config.d/00-ufunguo.conf` lenye mistari hii:

```
PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no
PermitRootLogin no
```

Jina lianze na `00` kwa sababu ya msingi: SSH hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo, na seva za Ubuntu huweza kuwa na faili `50-cloud-init.conf` linaloruhusu nenosiri, lililowekwa na cloud-init, programu inayopanga seva mara ya kwanza. Ukiandika mipangilio yako chini ya faili kuu, ile ya cloud-init inakutangulia, nawe unadhani umefunga kumbe mlango uko wazi.

```
sudo sshd -t
sudo systemctl reload ssh
sudo sshd -T | grep -i passwordauth
```

Ya kwanza inakagua makosa ya maandishi na haisemi kitu ikiwa sawa. Ya tatu inakwambia seva inaamini nini hasa, nawe unataka kuona `no`. Kisha fungua dirisha la tatu, uingie kwa ufunguo. Halafu jaribu kuingia bila ufunguo kwa makusudi:

```
ssh -o PubkeyAuthentication=no lamu
```

Ikikukataa kwa `Permission denied (publickey)`, umefaulu, na sasa waweza kufunga lile dirisha la akiba.

Ufunguo wa mashine

Ufunguo wa kazi ya usiku hauna nenosiri, kwa sababu saa nane usiku hakuna mtu wa kuliandika. Atakayeiba faili la ufunguo huo ana ufunguo kamili mkononi. Kwa hiyo ulinzi wote unawekwa upande wa pili, kwenye kile ufunguo unachoruhusiwa kufanya.

Malindi:

```
sudo -iu nakala
mkdir -p -m 700 ~/.ssh
ssh-keygen -t ed25519 -N "" -f ~/.ssh/kuvuta_lamu -C "nakala@malindi"
cat ~/.ssh/kuvuta_lamu.pub
```

Nakili mstari uliotokea. Lamu sasa:

```
sudo install -d -m 700 -o msomaji -g msomaji /home/msomaji/.ssh
sudo nano /home/msomaji/.ssh/authorized_keys
```

Andika mstari mmoja, usiukate katikati:

```
restrict,from="198.51.100.20",command="/usr/bin/rrsync -ro /srv/hifadhi" ssh-ed25519 AAAA...ufunguo... nakala@malindi
```

Halafu:

```
sudo chown msomaji: /home/msomaji/.ssh/authorized_keys
sudo chmod 600 /home/msomaji/.ssh/authorized_keys
```

Mstari huo ndio moyo wa mpango mzima. `restrict` inazuia kila kitu cha ziada: kupitisha poti, kufungua terminali. `from` inakubali ufunguo kutoka anwani ya Malindi pekee. Ikiwa anwani ya Malindi inabadilikabadilika, itabidi uiondoe sehemu hiyo. `command` inasema kwamba lolote atakaloomba mwenye ufunguo huu, kitakachoendeshwa ni rrsync, skripti ndogo inayokuja na rsync yenyewe, nayo imefungiwa `/srv/hifadhi`, kusoma tu. Hakikisha ipo kwa `which rrsync`.

Rudi Malindi, ukiwa bado mtumiaji `nakala`, uandike `~/.ssh/config`:

```
Host lamu-hifadhi
    HostName 203.0.113.10
    User msomaji
    IdentityFile ~/.ssh/kuvuta_lamu
    IdentitiesOnly yes
    BatchMode yes
    ServerAliveInterval 30
    ServerAliveCountMax 4
```

`BatchMode` inaizuia SSH kuuliza swali lolote. Ikikwama, ianguke mara moja badala ya kungoja jibu usiku kucha. Lakini kwa sababu hiyo, mara ya kwanza lazima uiambie iulize, ili uithibitishe ile alama ya SHA256:

```
ssh -o BatchMode=no lamu-hifadhi
```

Ukishakubali alama, rrsync itakukatalia na kukutoa nje. Ndivyo inavyotakiwa. Ukijikuta ndani ya terminali ya Lamu, mstari wa `authorized_keys` una kasoro. Rudi ukaurekebishe kabla ya kusonga mbele.

Jaribio la kwanza la rsync

rsync ilitolewa 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, Waaustralia wawili, na wazo lake linatufaa sana sisi wenye intaneti ya kupimia. Huangalia ukubwa wa faili na saa lilipobadilishwa; yasiyobadilika haiyagusi. Lililobadilika hulikata vipande, mashine mbili zinalinganisha muhtasari wa kila kipande, na kinachosafiri ni tofauti tu.

```
rsync -avn lamu-hifadhi:/ /tmp/jaribio/
```

Herufi `n` inamaanisha onyesha utakachofanya, usifanye. Alama ya `/` baada ya jina la mashine hapa si mzizi wa diski ya Lamu, ni `/srv/hifadhi`, kwa sababu rrsync imeifungia hapo.

Chunga mkwaju wa mwisho. `lamu-hifadhi:/maulidi` italeta folda yenyewe, upate `jaribio/maulidi`. `lamu-hifadhi:/maulidi/` itamimina vilivyomo moja kwa moja ndani ya `jaribio`. Tofauti hiyo ya herufi moja, ikikutana na chaguo la `--delete`, inaweza kufagia folda nzima uliyoikusudia mambo mengine. Ndiyo maana `-n` inatangulia kila unapobadilisha njia.

Skripti yenyewe

Kusawazisha peke yake si nakala rudufu. Mtu akifuta folda Lamu saa tisa alasiri, usiku Malindi nayo itafuta. Virusi ikiziharibu faili, zilizoharibika ndizo zitakazovutwa. Tunachotaka ni picha ya kila usiku inayojitegemea, bila kujaza diski. Chaguo la `--link-dest` linafanya hivyo: faili ambalo halijabadilika halinakiliwi tena, linaunganishwa tu na lile la jana, na halili nafasi ya ziada.

Kama msimamizi, weka hii kwenye `/usr/local/bin/vuta-lamu`:

```
#!/bin/bash
set -u
MAHALI=/srv/nakala/lamu
SASA=$(date +%Y-%m-%d_%H%M)
MPYA="$MAHALI/haijakamilika"

mkdir -p "$MPYA"
rsync -a --delete --partial-dir=.sehemu --timeout=120 \
  --bwlimit=500 --stats --link-dest="$MAHALI/sasa" \
  lamu-hifadhi:/ "$MPYA/"
hali=$?

if [ "$hali" -ne 0 ] && [ "$hali" -ne 24 ]; then
  echo "Kuvuta kumeshindwa, namba ya kosa: $hali"
  exit "$hali"
fi

mv "$MPYA" "$MAHALI/$SASA"
ln -sfn "$MAHALI/$SASA" "$MAHALI/sasa"
```

Kisha `sudo chmod 755 /usr/local/bin/vuta-lamu`.

Kila usiku faili hukusanywa kwenye `haijakamilika`, na folda hiyo hupewa jina la tarehe pale tu kazi inapokamilika. Mtandao ukikatika katikati, usiku unaofuata unaendelea palipoishia, na hakuna folda yenye tarehe ambayo ni nusunusu. `--partial-dir` inahifadhi kipande cha faili kubwa lililokatizwa. Haya si ya kupuuza huku kwetu. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa wakati mmoja na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Skripti isiyojua kuendelea ilipoishia ingeanza upya kila usiku.

`--delete` hapa ni salama, kwa kuwa inagusa folda mpya tu. Picha za siku zilizopita zinabaki na faili zake. Usiongeze `--inplace` hata ukiona mtu ameisifu. Chaguo hilo linaandika ndani ya faili lililopo, na kwa kuwa faili limeunganishwa na la jana na la juzi, utaziharibu zote kwa mpigo. `-z` ya kubana data inafaa kwa maandishi na TIFF zisizobanwa, lakini kwa JPEG na MP3 ni kuichosha kompyuta bure. Mara ya kwanza rsync itaonya kwamba `sasa` haipo. Ni kawaida.

`--bwlimit=500` ni kibibaiti 500 kwa sekunde, ili wengine wanaotumia laini hiyo wasikwame. Fanya hesabu: kwa kasi hiyo, saa sita za usiku zinapitisha gibibaiti 10 na kidogo. Hifadhi ya gibibaiti 200 ingehitaji karibu usiku 20 kufika Malindi kwa mara ya kwanza. Usifanye hivyo. Mzigo wa kwanza upeleke kwa diski ya nje iliyofomatiwa ext4, mpangilio wa diski wa Linux, kwa boti na basi:

```
sudo rsync -a /srv/hifadhi/ /mnt/diski/hifadhi/
```

Diski ikifika Malindi:

```
sudo rsync -a /mnt/diski/hifadhi/ /srv/nakala/lamu/haijakamilika/
sudo chown -R nakala: /srv/nakala/lamu/haijakamilika
```

Skripti itakuta faili zimeshafika, ilete tu yaliyobadilika tangu diski iondoke Lamu. Sisitiza ext4: FAT haitunzi saa za faili sawasawa, na rsync ikiona saa tofauti italazimika kuyapitia mafaili yote upya.

Kuiendesha usiku

cron, programu ya Linux ya kuendesha kazi kwa ratiba, ingetosha, lakini stima ikipotea saa nane usiku, cron haikumbuki kwamba ilikosa kazi. Taima ya systemd, programu inayoendesha huduma za Linux, inakumbuka. Kwanza saa ya mashine:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi
```

Seva nyingi za kukodi huja na saa ya UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Na ukumbuke kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane: saa nane usiku ni 02:00, si 08:00. Ukiandika 08:00 utaanza kuvuta saa mbili asubuhi, watu ndio wanaingia kazini.

`/etc/systemd/system/vuta-lamu.service`:

```
[Unit]
Description=Kuvuta hifadhi ya Lamu
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
Type=oneshot
User=nakala
ExecStart=/usr/local/bin/vuta-lamu
```

`/etc/systemd/system/vuta-lamu.timer`:

```
[Unit]
Description=Kuvuta hifadhi ya Lamu kila usiku

[Timer]
OnCalendar=*-*-* 02:00:00
Persistent=true

[Install]
WantedBy=timers.target
```

`Persistent=true` ndiyo inayoifanya kazi iliyokosa ianze mashine inapowaka. Na systemd haianzishi kazi ya pili wakati ya kwanza bado inaendelea, kwa hiyo huna haja ya kufuli ya ziada.

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now vuta-lamu.timer
sudo systemctl start --no-block vuta-lamu.service
journalctl -fu vuta-lamu
systemctl list-timers
```

Mashine ikiwa nyuma ya ruta ya simu

Yote haya yanadhani Malindi inaweza kuifikia Lamu moja kwa moja. Ukiwa na laini ya simu au intaneti ya nyumbani, huenda haiwezekani. Fungua ukurasa wa ruta uangalie anwani yake ya nje. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, umewekwa pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja, na kufungua poti kwenye ruta hakutasaidia. Omba anwani ya kudumu kwa kampuni yako ya intaneti, au tumia WireGuard, njia ya siri (VPN) ya kuunganisha mashine mbili, ambayo imo ndani ya Linux tangu toleo 5.6 la mwaka 2020. Lamu inapiga kwenda Malindi na kuacha njia wazi kwa `PersistentKeepalive = 25`, kisha Malindi inavuta kupitia anwani ya ndani ya Lamu, mathalani 10.20.0.1. Katika `from` uweke anwani ya ndani ya Malindi. Ikiwa pande zote mbili ziko nyuma ya ruta za namna hiyo, kodi seva ndogo yenye anwani ya umma iwe kituo cha katikati.

Kukagua, kurejesha, kupunguza

Mpango huu unaweza kufa bila kutoa sauti. Mara moja kwa wiki mtu mmoja, mwenye jina na si "ofisi", aingie Malindi kwa `sudo -iu nakala`, aangalie `ls -l /srv/nakala/lamu` aone tarehe ya karibuni. Na achague faili moja, leo picha, wiki ijayo rekodi, alifungue kutoka Malindi kweli. Apige `sha256sum` pande zote mbili alinganishe. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa siihesabu.

Kurejesha faili Lamu hufanywa na mtu kwa ufunguo wake mwenyewe, kwa sababu ule wa `nakala` hauwezi kuandika. Usiulegeze siku ya dharura.

Ukitaka kuona nafasi, ukiwa bado `nakala`, `du -sh /srv/nakala/lamu/20*` itaonyesha picha ya kwanza kwa ukubwa kamili na zinazofuata kwa tofauti tu. Kufuta za zamani, tumia majina. `find -mtime` itakudanganya, kwa sababu rsync huipa folda tarehe iliyotoka nayo Lamu. Hii inataja zote isipokuwa 30 za mwisho:

```
ls -1d /srv/nakala/lamu/20* | head -n -30
```

Itazame orodha kwanza, ndipo uiongezee `| xargs -r rm -rf`.

Kama kuna hifadhidata, usivute faili zake zikiwa hai, zitafika zimevunjika. Lamu itoe dampu, yaani nakala ya hifadhidata kwenye faili, kabla ya saa nane, kwa `pg_dump` au `mysqldump --single-transaction`, iliweke ndani ya `/srv/hifadhi`, basi.

Namba na ujumbe utakaokutana nazo

Namba 255 ni SSH yenyewe: mtandao, ufunguo au alama. 23 ni kwamba faili fulani hazikusomeka, na karibu kila mara ni ruhusa za kundi la `hifadhi`. 24 ni faili zilizofutwa wakati wa kuvuta, ndiyo maana skripti inaisamehe. 30 ni muda kuisha, laini imezubaa. 12 mara nyingi ni mstari wa `command` kuwa na kosa, na 11 ni kushindwa kuandika faili, mathalani diski ya Malindi ikijaa.

`Host key verification failed` wakati ulishajaribu ikakubali: angalia ulijaribu ukiwa nani. Kila mtumiaji ana faili lake la `known_hosts`, na alama aliyoikubali karani haimhusu `nakala`.

Ukiona onyo kubwa kwamba utambulisho wa mashine umebadilika, usikimbilie `ssh-keygen -R` kama wengi wanavyoshauri. Piga simu Lamu uulize kama seva imewekwa upya. Ikiwa ndiyo, soma alama mpya kwa simu kama mara ya kwanza, ndipo ufute ya zamani. Ikiwa hapana, acha kila kitu utafute nani amekaa katikati.

Na mtu akiacha kazi, siku hiyo hiyo futa mstari wake kwenye `authorized_keys` wa mashine zote mbili. Ndiyo sababu kila mtu awe na ufunguo wake wenye jina mwishoni mwa mstari. Ufunguo wa kushirikiana hauwezi kuondolewa kwa mmoja bila kuwafungia wote. Ukishafuta, angalia kwa `who` kama hana dirisha lililobaki wazi, maana kufuta ufunguo hakumtoi aliyeingia tayari.